Nguchiro Yuko Njiani

Hapo zamani za kale, zamani za kweli, siyo hizi zamani zenu za juzi, wanyama wa bonde moja walikuwa wakichimba lambo. Sogeeni karibu. Na wewe unayemfinya mwenzio, nimekuona.

Mwenye bonde alikuwa Mama Tembo. Lambo alilitaka yeye, maana mvua zikinyesha maji yalishuka mbio bondeni na kujiendea, halafu kiangazi kizima kila mtu analamba midomo. Wachimbaji walikuwa Fisi na Kiboko, mapande ya wanyama. Msimamizi wao alikuwa Bi Nguchiro, mdogo hivi, ukimweka kapuni inabaki nafasi ya mihogo.

Nguchiro hakuchimba. Alisimama wima juu ya kichuguu kilichokuwa kando ya lambo, akapanga kazi: leo chimbeni huku, kesho tuta liinuke kule. Kichuguu hicho ndicho kilikuwa nyumba yake na wanawe, kwa kuwa nyumba ile hupewa msimamizi. Alichora mpango mchangani kwa ukucha, akafuta, akachora tena, mpaka jua linazama. Tena alikuwa na mdomo huyo!

"Bwana Kiboko, mawe yako wapi?"

"Yanakuja, dada."

"Yanakuja kwa miguu yao? Twende nikayaone!"

Na kweli anakwenda, titi-titi-titi, anayakuta mawe yamelala palepale yalipozaliwa. Hapo atapiga kelele mpaka Kiboko ainuke. Kiboko alimchoka. Fisi alimchoka zaidi.

Siku moja akaja Kasuku, mgeni kutoka mbali. Kasuku huyu alikuwa amekaa kila mahali penye kazi, akisikiliza, na kila alichosikia kilibaki kichwani. Ukimwuliza tuta hujengwaje, anakujibu palepale, maneno yamenyooka, hakohoi wala hakuni kichwa. Hata asichokijua alikijibu, kwa sauti ileile. Mpango ambao Nguchiro angeuchora kutwa nzima, Kasuku aliusema huku Mama Tembo akiwa bado anatafuna tawi moja.

Fisi akaona mlango umefunguka.

"Mama," akasema, "Nguchiro wa nini tena? Yeye kazi yake kusema. Huyu naye anasema, tena kwa adabu, wala hana ugomvi!"

"Na kile kichuguu kipo pazuri," Kiboko akadakia. "Mimi ningekibomoa nijilalie hapo, karibu na maji."

Mama Tembo akafikiri, kisha akamwita Nguchiro. "Mwanangu, kazi yako imepata mwenyewe. Hama na wanao, mkakae kule kwenye majabali."

Lo! Kule kwenye majabali hakuna hata umande, na tai ndiko wanakolala. Watoto wa Nguchiro walikuwa hawajafumbua macho vizuri. Nguchiro akarudi nyumbani akalia, akalia hasa, mpaka watoto wakaamka. Halafu akapangusa uso akatoka nje, kwenda kumtazama huyo aliyechukua kazi yake anavyoifanya.

Akamkuta Kasuku mtini.

"Bwana Fisi, tuta limefikia wapi?"

Fisi alikuwa amelala chali kivulini. "Bado kidogo tu, mkuu."

"Ahsante. Bwana Kiboko, mawe je?"

Kiboko alikuwa ndani ya tope, pua tu zikionekana. "Niko njiani nayo."

"Ahsante." Pruuu! Kasuku akaruka mpaka kwa Mama Tembo. "Mama, tuta limebaki kidogo. Mawe yako njiani."

"Hee! Kumbe kazi inakwenda!" Mama Tembo akafurahi, akaendelea kutafuna.

Nguchiro akacheka peke yake, kwi kwi kwi. Na ninyi mnacheka nini? Mama yako akikutuma dukani ukamjibu "naenda", huwa umeshainuka kitini? Basi nyamaza usikilize. Kasuku alikuwa amesikia maneno yote ya dunia, lakini tabia ya Fisi alikuwa haijui.

Nguchiro angeweza kwenda kusema. Lakini nani angemsikiliza? Angeambiwa ana kijicho. Akaamua kujilaza mlangoni pake, akasubiri.

Kesho yake Kasuku akaja. "Bi Nguchiro, Mama anauliza kama umehama."

"Mwambie niko njiani."

"Ahsante." Pruuu! "Mama, Nguchiro yuko njiani."

Keshokutwa yake akaja tena. "Umefikia wapi, Bi Nguchiro?"

Nguchiro akapiga mwayo. "Mizigo imebaki kidogo tu."

Pruuu! "Mama, mizigo imebaki kidogo tu."

Kiboko akaanza kununa. "Kidogo gani hicho? Mbona hatoki?"

Kasuku akatumwa tena. "Bi Nguchiro, kuna tatizo?"

"Tatizo? Hakuna shida kabisa."

Pruuu! "Mama, hakuna shida kabisa."

Ndipo mawingu yakaanza kujikusanya milimani. Ngurumo, gudu-gudu-gudu. Mama Tembo akasema, "Hebu leo niende mwenyewe." Akashuka, tifu, tifu, tifu, macho yake kwenye kichuguu tu, hakutazama kingine. Fisi na Kiboko wakamfuata nyuma kushuhudia mtu akifukuzwa. Wakamkuta Nguchiro anamchokoa mwanawe masikio.

"Nguchiro! Si nimeambiwa uko njiani?"

"Niko njiani, Mama."

"Umelala!"

"Nimelala njiani."

Fisi akaangua kicheko, "Hii hii hii!" Mama Tembo akapandisha mkonga. "Unanifanya mimi mjinga?"

Nguchiro hakuinama. "La, Mama. Mimi niko njiani kama mawe ya Kiboko yalivyo njiani. Na mizigo yangu imebaki kidogo kama tuta lako lilivyobaki kidogo. Geuka ulitazame."

Mama Tembo akageuka. Palikuwa na kishimo ambacho kuku angeona haya kusema amekichimba yeye. Penye tuta pameota majani. Kicheko cha Fisi kikakatika katikati.

"Kasuku! Umenidanganya!"

"Sijadanganya, Mama," Kasuku akajibu kwa adabu. "Nimeleta nilichoambiwa, neno kwa neno."

Na ilikuwa kweli. Ngurumo ikapiga tena, karibu zaidi.

Wengine hapo wangeringa. Nguchiro akaruka juu ya kichuguu. "Kasuku! Wachimbaji wawili, ardhi ngumu, mvua iko mlimani. Tuache kazi ipi, tufanye ipi, ili maji yasipite?"

"Acheni kuchimba," Kasuku akasema bila kukohoa. "Zibeni shingo ya bonde, pale linapobana. Mawe chini, magogo katikati, udongo juu."

"Magogo yapo. Nayajua yalipo. Mama Tembo, sukuma!"

Kisha akamwendea Kiboko, akamnong'oneza, "Fisi anasema wewe mwili tu, jiwe lile huliwezi." Akamkimbilia Fisi, titi-titi-titi, "Kiboko anasema unaparura kama kifaranga."

"Nani? Mimi?"

"Ndivyo alivyosema, bwana. Mimi simo."

Weee! Mawe yakaruka, pu! pu! pu! Udongo ukafuka, kacha-kacha-kacha! Kila mmoja anamtazama mwenzie kwa jicho baya na kuongeza mwendo, Kasuku huko juu anataja pa kuziba, na Nguchiro anakimbia kutazama kama pamezibwa. Mvua ikashuka, chwaaaa! Maji yakaja yananguruma, yakagonga tuta, yakarudi nyuma, yakatulia. Fisi na Kiboko wakabaki wanahema, bado wanagombana nani kafanya zaidi.

Mama Tembo akanywa, akanywa sana. "Nguchiro, baki na kichuguu chako. Huyu mwenye manyoya nimfukuze?"

"Usimfukuze, Mama. Nusu ya kazi yangu anaijua kuliko mimi. Kuchora mchangani kutwa nzima, mimi basi tena. Mwache anipangie. Ila kumwuliza nimwulize mimi, na anachojibu nikakione kwa macho."

Jioni ile watoto wa Nguchiro walikunywa maji mlangoni kwao. Hadithi yangu imekwisha hapo, asiyeridhika akaitungie mkia kwao. Na funzo ni hili: maneno mazuri yeyote huyaleta, lakini kazi humheshimu anayejua la kuuliza kisha akaenda kutazama.