Fisi Ajifunza Kuwinda Korongo

Mwaka ule mvua iliingia mitini. Nyika ikakauka, swala wakahama, na hata mizoga, ambayo Fisi aliizoea kama wengine wanavyozoea uji wa asubuhi, ikawa kitu cha kusikia kwa watu. Walionenepa ni korongo peke yao. Kila asubuhi walipita angani makundi kwa makundi, wakipiga kelele, wakielekea kinamasini.

Njaa Fisi angeivumilia. Aliyemshinda ni mkwe. Mama mkwe wake, Bi Zawena, alimtuma Kunguru na salamu: "Safari iliyopita mlinilisha mifupa, tena ya juzi. Ijumaa nakuja. Nataka nyama aliyoiwinda mkwe wangu kwa jasho lake. Nikikuta mzoga tena, narudi na binti yangu."

Tunu, mke wa Fisi, alipozisikia salamu hizo alianza kukunja kanga zake taratibu. Fisi akaingiwa na hofu, kwani alimpenda mkewe. Meno anayo, taya anazo, lakini tangu azaliwe hajawahi kukamata kitu kinachokimbia, sembuse kinachoruka!

Akaenda kwa Sungura. Sasa niwaambieni ukweli: Sungura, mla majani yule, hakuwahi kuwinda hata panzi. Lakini mdomo anao. Tena alikuwa na shamba la karanga kando ya kinamasi, karanga zimekomaa, magugu yamemfika masikioni, na korongo wameanza kuonjaonja.

"Kaka Sungura, nifundishe kuwinda korongo," Fisi akamwomba. "Mkwe anakuja, nitaaibika."

Sungura akachezesha masharubu. "Umefika kwa fundi, kaka. Ila kazi hii ina masomo yake. Utayaweza?"

"Nitayaweza."

"Basi somo la kwanza ni palizi. Korongo hatui penye magugu. Jembe lile pale."

Fisi akapalilia siku mbili, viganja vikatoka malengelenge. Fundi mwenyewe alijilaza kivulini, jani mdomoni. "Pinda mgongo, kaka!" alimkemea. "Umeona wapi mwindaji anasimamasimama?" Na Fisi, masikini, akainama zaidi.

Alhamisi alasiri shamba liling'aa, hakuna hata jani la ndago. Sungura akatoa masomo yaliyobaki. "Kesho alfajiri jipake matope mwili mzima, maana harufu yako inajulikana hadi ng'ambo. Lala katikati ya shamba, ujifunike majani makavu. Usikohoe. Na jamani, usicheke! Wakitua, usijitikise mpaka usikie mluzi wangu. Mimi ndiye ninayejua wakati wao."

Yote hayo aliyatunga palepale. Hesabu yake ilikuwa nyingine. Fisi akae kimya? Thubutu! Akimwona korongo mmoja tu ataangua kicheko, kundi zima litatimka, na karanga zitasalimika. Sungura akaenda kulala huku akijipongeza: amepata mpalizi na mlinzi kwa maneno matupu.

Ijumaa kulipopambazuka Fisi alikuwa ameshajilaza, matope mpaka kwenye kope. Korongo wakaja. Hao ndugu macho yao si ya mchezo. Walilizunguka shamba mara tatu, wakatafuta kichaka cha magugu cha kumficha adui, hawakukiona, kwa sababu vyote Fisi alikwisha kuving'oa. Wakatua. Kumi, arubaini, mia! Wakaanza kufukua karanga tuta kwa tuta, kama waliokodiwa.

Mmoja, jitu zima, akapanda mgongoni kwa Fisi na kusimama hapo kama yuko juu ya kichuguu. Mate yakamchuruzika Fisi. Kicheko kikampanda kooni, kikamwasha, kikamtoa machozi. Akakumbuka kanga zile zinavyokunjwa, akauma ulimi. Mwalimu amesema mluzi, basi ni mluzi. Jua likapanda, tuta la mwisho likaguswa, mluzi haujasikika.

Sungura aliamka jua limeshakuwa kali. Akatega sikio upande wa shamba, hakusikia kelele za korongo. "Amewafukuza yule!" akasema, akashika njia ya shambani, na kwa raha aliyokuwa nayo akaanza kupiga mluzi.

Fisi akafyatuka! Kundi likaruka kwa kishindo, likatia giza shambani. Yule wa mgongoni, kwa kushiba karanga, alichelewa kidogo tu, Fisi akamnasa mguu. Korongo akamdonoa pua, akamdonoa paji la uso, Fisi hakuachia. Ndipo akacheka kicheko chote alichokiweka tangu alfajiri.

Sungura alisimama pembeni mwa shamba, masikio yamelala. Mashimo na maganda, maganda na mashimo.

"Karanga zangu!" akalia. "Akiba yangu ya kiangazi chote! Walikuwa wanakula, na wewe unafanya nini muda wote huo?"

"Nangoja mluzi, mwalimu," Fisi akajibu kwa adabu, damu ikimtoka puani. "Nilikaribia kukata tamaa, lakini nikasema fundi hawezi kunidanganya. Na kweli, mluzi ukaja!"

Sungura akamtazama Fisi. Aseme nini? Kwamba alidanganya? Mbele ya taya zile? Akainama kupekua maganda, huenda karanga moja imebaki.

Bi Zawena alikula korongo yule mpaka akajilamba vidole, akamwita Fisi "mwanangu" mbele ya watu, na Tunu akajifunga kanga mpya. Baada ya chakula Fisi hakumsahau mwalimu wake. Akachukua paja zuri kuliko yote, akalifunika kwa jani la mgomba, akampelekea Sungura kwa mikono miwili.

"Ni lako, fundi," akasema. "Shukrani ndogo."

Sungura, mla majani, akalipokea. Akabaki mlangoni ameshika nyama asiyoweza kuila, tumbo likimnguruma, na kiangazi ndiyo kwanza kinaanza. Ujanja mwingi, mbele kiza.