Semeni na Jina la Kati

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa mtoto, akawa na nusu ya jina. Nusu ya pili iko wapi?

Imo mdomoni mwako, itoe.

Naitoa, lakini sogeeni kwanza. Na wewe uliyeegemea mlango, usicheke mapema. Hadithi hii ni ya majina, na la baba yako tunalijua.

Hapo kale, katika mji wa bondeni penye mashamba ya mpunga, paliondokea mtu akiitwa Makapi. Ndiyo, Makapi, yale maganda yanayopeperuka mwanamke akipepeta. Na kazi yake ilikuwa kuuza mchele. Muuza mchele, jina Makapi. Nyie mnacheka, na mji ulicheka vilevile. Alipopata kipato akanunua kanzu nyeupe, akataka aitwe Bwana Mchele. Watu wakamwita Bwana Mchele mbele yake. Nyuma yake, mwajua wenyewe.

Mkewe aliitwa Mwanakombo. Walikaa miaka mingi bila mtoto, na mji ukapata kazi. Walimsema kisimani, walimsema sokoni, walimsema hata msibani. Mwanakombo akavumilia, kisha Mungu akampa binti. Akampakata, akasema, "Huyu ni Semeni. Walisema nilipokuwa sina, sasa na waseme nikiwa naye."

Jina hilo likakubalika. Taabu ikawa la pili.

Desturi ya mji ilikuwa hivi. Mtoto akitimiza arobaini, mpiga mbiu alipuliza pembe akatangaza jina lake, na pumzi zake zilitosha majina mawili tu, la mtoto na la baba. Mtoto aliyetangazwa bila jina la baba, mji ulielewa jambo moja: hana baba. Mmenisikia? Hana baba. Na mama yake hakupita tena kisimani bila kusengenywa.

Lakini Bwana Mchele alikuwa anawaza kanzu yake. Semeni Makapi! Jina hilo litangazwe mji mzima, naye amekaa mbele? Akaamua kumtafutia mtoto jina la kati, zuri, linaloafikiana na Semeni, ili Makapi lisukumwe nyuma huko pumzi zisikofika.

Mwanakombo akamwambia, "Mume wangu, ukiliondoa jina lako, mimi wataniitaje?"

Yeye akajibu kwamba jina likipendeza watu hawaulizi mengine. Wanaume wa zamani, jamani. Wa siku hizi wamebadilika, sivyo? Haya, tuendelee.

Akaja shangazi wa Bwana Mchele, Bi Mize. Akala pilau, akajifuta mdomo, akasema mtoto wa kike pambo lake ni upole, basi aitwe Pole. Bwana Mchele akatoka uani kulijaribu. Akapaza sauti, "Semeni Pole."

Majirani wakasikia. Wameambiwa waseme pole, kuna nini tena kama si msiba? Wanawake wakaja wamejitanda kanga, wanalia. Wanaume wakaja wanaulizana kaburi linachimbwa wapi. Walipoambiwa hakuna maiti walikasirika kidogo, na hawakuondoka bila kula.

Jina la pili Bwana Mchele akalitafuta mwenyewe, akachagua Sifa. Akaenda kulijaribu barazani, penye watu wazima. "Semeni Sifa," akasema.

Watu wakadhani wameombwa sifa zake. Wakatazamana. Wakafikiri. Mmoja akakohoa. Mwisho mzee mmoja akasema kanzu yake ni nyeupe, na mwenzake akaongeza kwamba ni kweli, ni nyeupe. Hapo sifa zikaisha, na Bwana Mchele akarudi nyumbani kwa njia ya uchochoroni.

Mara ya tatu akamwita maalimu. Maalimu akala sahani mbili, maana elimu nayo ina njaa yake, akasema kwamba mtoto huyu anataka jina lenye uzito. Aitwe Kweli. Bwana Mchele akafurahi, akaenda kulijaribu sokoni, mlangoni pa duka lake. "Semeni Kweli."

Mwanamke mmoja akamshukuru kwa ruhusa, akasema magunia yake juu ni mchele, chini ni chenga. Wa pili akaitaja pishi yake ya kupimia, yenye kitako kinene kuliko cha mwenyewe. Wa tatu alikuwa tayari anakunja mikono ya nguo. Duka likafungwa jua likiwa utosini.

Siku ya kutangazwa ikafika, na jina la kati halijapatikana. Mji mzima ukajaa uani, kila mtu na lake. Mtoto si anaitwa Semeni? Nao wakasema. Huyu anataka Lulu, yule anataka Malkia, na kila aliyesema alimkatiza mwenzake. Bwana Mchele akamnong'oneza mpiga mbiu atangaze lolote, ila asitangaze Makapi.

Mwanakombo akasikia. Alikuwa jikoni. Mpunga wa karamu aliutwanga mwenyewe, na makusudi hakuupepeta. Akaupika vilevile na maganda yake, akamwaga mchuzi wa nazi juu, akapakua. Kisha akatoka na mtoto begani, akasimama kando ya mpiga mbiu.

Watu wakatia tonge la kwanza mdomoni. Wakatafuna. Wakaacha kutafuna.

"Semeni," akasema Mwanakombo.

"Makapi," mji ukajibu, vinywa vimejaa.

"Sikusikia. Semeni."

"Makapi."

"Semeni."

"Makapi!"

Mpiga mbiu akaona kazi yake imeshafanywa na wenyewe. Akapuliza pembe, na jina likapita.

Bwana Mchele akainuka, akasema mkewe amemvunjia heshima mbele ya mji.

Mwanakombo akamgeukia. "Mama yako alizika watatu kabla yako. Wewe akakuita Makapi, ili kifo kikija na ungo wake kikuone hufai, kikupite. Kilikupita. Na mwanangu nataka kimpite. Na nataka ajulikane ana baba."

Bwana Mchele alikuwa ameambiwa hayo na mama yake zamani, akajifanya amesahau. Sasa akakaa chini, akalia. Nasema wazi, alilia, na kanzu ikalowa. Kisha akampokea binti yake, akamwita kwa majina yote mawili, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu. Kikamkaa.

Tangu hapo mji ukapata taabu mpya. Wasengenyaji walipokaa karibu na nyumba ile, maneno yakianza kunoga tu, walimsikia Mwanakombo anamwita mwanawe aje kula: "Semeni Makapi!" Nao wakajiuliza anaitwa mtoto au wanaambiwa wao. Midomo ikafumbwa, mmoja mmoja.

Hadithi yangu nimeitwanga, kuipepeta ni kazi yenu. Punje wapelekeeni watoto, maganda niachieni mimi. Na yupo atakayetoka hapa akasimulie vibaya, namjua, ameegemea mlango. Nikimwonyesha kidole na kusema semeni, mtajibu nini?

Makapi.

Basi, nimenyamaza.