Mateka Aliyerudi Darajani

Wametusimulia waliotutangulia, nao waliyapokea kwa wakubwa wao, kwamba zama zile Waislamu na Warumi walipokuwa wakipigana mpakani, zilikuwapo siku za kubadilishana mateka. Mtoni yalijengwa madaraja mawili ya mbao, moja karibu na jingine. Mateka Mwislamu alivuka kwa hili na mateka Mrumi kwa lile, wakati mmoja, mtu kwa mtu. Aliyefika kwao alipokewa kwa takbiri, na ng'ambo nako Warumi walimpokea wao kwa dua zao. Sharti lilikuwa zito: asiyekuwa mateka haruhusiwi kukanyaga daraja, na atakayekanyaga, upande wa pili una haki ya kumshika. Waliliweka kwa kuogopa hila, maana kila upande uliujua mwenzake vizuri.

Basi siku moja likaitwa jina la Ghiyathi bin Mundhiri, mshona matandiko ya farasi, mcha Mungu, aliyekaa kifungoni miaka mingi hata binti aliyemwacha tumboni mwa mamaye akawa anajisuka nywele mwenyewe. Ghiyathi akavuka mbio. Mkewe, Bi Raita, akampokea kwa kilio cha furaha, na mtoto, Arwa, akamtazama baba yake kwa haya.

Hapo Ghiyathi akageuka. Kwenye daraja la pili, yule Mrumi aliyebadilishwa naye, mzee aliyekondeshwa na homa, alikuwa ameketi katikati, miguu imemkatalia. Anajaribu kuinuka, anaanguka. Warumi hawathubutu kumfuata, na Waislamu vilevile.

Ghiyathi akamwendea amiri wa mpaka. "Bwana wangu, mwenzangu hajafika."

"Wewe umefika," akasema amiri. "Ya mzee waachie Warumi. Shika mkono wa mwanao uende."

"Na akifia pale?"

"Atakuwa amekufa. Hatukumuua sisi."

Ghiyathi akaligeukia tena daraja. Mapatano yalikuwa mtu kwa mtu, naye amekwisha pata haki yake na mwenzake bado. Lakini akikanyaga daraja lile Warumi watamshika, na safari hii hakuna wa kubadilishwa naye. Akamtazama mkewe.

Bi Raita akajifuta machozi. "Nenda, Baba Arwa. Nimekungoja mpaka nimezoea. Mungu akitaka nikungoje tena, nitangoja. Lakini usije nyumbani ukawa unamwota yule mzee kila ukilala."

Akaenda. Akamwinua mzee, akamtia mgongoni, akatembea naye taratibu mpaka akamshusha katika ardhi ya Warumi, katikati ya askari wenye mikuki.

Jemadari wa Kirumi akamuuliza kwa ulimi wa mkalimani, "Hukujua kwamba sasa tunaweza kukushika?"

"Nilijua."

"Wala hukuogopa?"

"Nimeogopa, na bado ninaogopa. Lakini nilivuka kwa mapatano. Nikiyashika nusu, nitasimamaje mbele ya Mola wangu kuswali?"

Jemadari akawageukia askari wake. "Sharti linamkamata asiyekuwa mateka. Huyu alikuwa mateka mpaka mwenzake alipofika, na mwenzake amefika sasa hivi. Mpisheni." Muungwana ni kitendo, hata akiwa si wa dini yetu.

Safari ile Ghiyathi hakukimbia. Waislamu wakapiga takbiri, na ng'ambo Warumi nao wakapaza sauti kwa ajili yake. Bi Raita akamwambia neno moja tu: "Sasa umerudi."

Ndugu zangu, wengi wetu tungelivuka, tukamshukuru Mungu kwa rehema yake, na yule mzee tukamwita kadari. Tu wepesi mno wa kuona kadari katika shida ya mwenzetu. Ghiyathi aliona mtu asiyeweza kutembea, na akakumbuka kwamba yeye ana mgongo. Mwenyezi Mungu atujaalie shukurani isiyomwacha mtu njiani. Amin.