Sisimizi na Kibanzi cha Mchi

Paukwa!
Pakawa.
Kombo mlangoni!
La nani?
Lionjeni, ndipo mtajua.

Hapo kale palikuwa na kijiji kiitwacho Mwilini. Nyumba zake zilikuwa nyingi, na kila nyumba ilikuwa na desturi moja: kukipambazuka, mwenye nyumba huweka kombo la chakula kizingitini. Kwa nini? Kwa sababu ndani ya nyumba ya mtu huwezi kuona, lakini kombo halijui kusema uongo.

Mwonja makombo alikuwa Sisimizi. Hodi hapa, hodi pale. Hapa ni ugali, anapita. Hapa ni mchicha, anapita. Kila kitu alitaka kukijua, mpaka binamu zake Siafu wakamwita Bi Mdadisi.

Siku moja, jua likiwaka, Mbu mwenye miguu ya madoadoa alikuja, zziiii, amebeba pakacha. Ndani ya pakacha alikuwamo Fisi, Kidingapopo Mkubwa, mwenye koti jekundu na mchi mgongoni. Akaingia nyumba ya kwanza, akamfunga mwenye nyumba kamba, akatwanga kwa mchi kila alichokikuta: ku-twi! ku-twi! Na nyumba aliyoingia fisi mmoja, walitoka fisi kikundi. Kijiji kikawaka homa. Hata mawe yaliumwa viungo.

Sisimizi akaonja kombo la nyumba ile. Mna uzi mwekundu wa koti, mna na kibanzi cheusi. Uzi akaukariri. Kibanzi kilimchoma ulimi, akakitema, ptu!

"Siafu, binamu zangu! Mwenye koti jekundu ndiye!"

Siafu wakaingia, chwi-chwi-chwi, wakawamaliza fisi wote. Homa ikashuka. Sisimizi akatembea kifua mbele.

Mvua zikapita, zikaja nyingine. Mbu akarudi, zziiii, na pakacha. Safari hii alimleta fisi mwingine, Kidingapopo wa Pili, akaingia nyumba nyingine. Sisimizi akaonja kombo la nyumba hiyo, akakuta uzi. Mwekundu? Mwekundu kidogo. Labda kahawia. Hakungoja kuonja mara ya pili.

"Ni yule yule! Koti jekundu!"

Siafu wakatoka mbio wakitafuta wekundu. Wakauma mapazia mekundu. Wakauma mikeka myekundu. Wakauma kuta za udongo mwekundu, mpaka kuta zikatoboka, maji ya mifereji ya kijiji yakaanza kuvuja, chururu, chururu. Na ndani ya nyumba, Fisi anatwanga na kucheka.

"Umeni, wajomba, umeni! Mkichoka na ukuta, kuna mlango!"

Maji yakamfika Sisimizi kiunoni. Mifereji ikikauka, kijiji kimekufa. Na aliyewatuma Siafu ni yeye.

"Acheni!" akapiga kelele. "Meno yakae mdomoni kwanza. Nakwenda kuuliza."

"Kuuliza nini tena, Bi Mdadisi?"

Hakujibu. Akaenda mlangoni pa nyumba iliyotwangwa. "Hodi!"

Fisi akabana pua. "Nani tena? Mwenye nyumba nimelala, mwenzio, naumwa."

"Pole sana, shoga. Ila hujaweka kombo jingine. Na nyumba isiyo na kombo, Siafu huivunja bila hodi."

Fisi akashtuka. Lakini mlafi ni mlafi. Kabla ya kulitoa kombo alililamba. Akalamba mafuta, akalamba mchuzi, akalamba na nyuzi za koti. Alipolisukuma nje, kilichobaki ni kile kisicholambika: kibanzi cheusi.

Sisimizi akakionja. Kikamchoma ulimi. Loo! Hiki si kile nilichokitema siku ile?

"Shoga," akasema polepole, "mchi wako unalia vizuri. Umeununua wapi?"

"Kununua?" Fisi akasahau kubana pua. "Huu ni mchi wa mama yetu! Tuko ndugu wanne, kila mmoja na koti lake, lakini mchi ni mmoja!"

"Ndugu wanne? Mwenye nyumba hii hana hata mmoja."

Sisimizi akawageukia binamu zake.

"Siafu! Makoti yaacheni. Onjeni kibanzi!"

Wakaonja, wakaingia penye kibanzi tu, chwi-chwi-chwi, na ukuta hawakuugusa. Maji yakapungua, mifereji ikajaa tena. Sisimizi akakiweka kibanzi chini ya ulimi wake, asikisahau.

Siku nyingine mlango ukagongwa. Fisi wa tatu, koti la manjano, jipya kabisa.

"Hodi!"

"Karibu, baba," akasema Sisimizi. "Koti lako zuri, livue tu. Huo mchi mgongoni, naomba niuonje."

Funzo la hadithi hii, wanangu: msiwe wadadisi. Msiulize jirani kapika nini. Mgeni akija mtazameni koti, likiwa zuri mfungulieni. Na makopo ya maji nyuma ya nyumba yaacheni hapo hapo, kwani Mbu naye ni mzazi, atalea wapi?

Kombo langu nimeliweka kizingitini. Mwenye ulimi aonje, mwenye ufagio afagie.