Yonazi na Udongo wa Kijivu

Palikuwa na mtu mmoja, jina lake Yonazi, aliyepata kiwanja kwenye mteremko. Juu ya kiwanja udongo ulikuwa mwekundu na mwepesi. Chini palikuwa tambarare, majani yakiwa mabichi mwaka mzima, na hatua chache mbele yake ndipo alipoishi mama yake, Namkunda, penye kisima chake ambamo majirani wote walichota maji.

Yonazi alitaka nyumba kubwa yenye vyoo vya ndani. Maji machafu yangeingia kwenye karo, yaani shimo la majitaka lililojengewa, kisha yatoke kwa mabomba yenye matundu yaliyofukiwa chini, ili ardhi iyanywe na kuyachuja. Sehemu ya juu alikwisha kuitenga kwa kibaraza cha wageni. Uchafu, alisema, uende kule chini usikoonekana.

Akamwita Nakijwa, mwanamke aliyekuwa akipima ardhi za vyoo na visima tangu ujana wake. Nakijwa alichimba shimo hadi kifuani. Akalijaza maji, akaliacha lilowe, na kesho yake akalijaza tena na kuchomeka kijiti chenye alama. Saa nzima ikapita, na maji yakashuka kiasi cha upana wa kidole tu. Akayakomba, akashuka mwenyewe shimoni, akabandua donge la udongo wa kijivu lenye madoa ya rangi ya kutu, akamwonyesha. Madoa yale, alimweleza, ni alama ya maji ya ardhini. Kila masika hupanda mpaka pale. Uchafu ukimwagwa humo hautachujwa, utasafiri na maji hayo hadi kisimani. Mabomba yawekwe juu, kwenye udongo mwekundu, mbali na kisima.

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Yonazi alimwambia achimbe tena, hatua tano pembeni. Akachimba. Udongo wa kijivu. Akamwambia achimbe tena, karibu na mpaka. Akachimba, jasho likimtoka, na udongo ulikuwa uleule. Alipoambiwa ajaribu mahali pa nne, Nakijwa alitupa jembe chini.

"Baba," alisema, "ardhi imekujibu mara tatu. Kama unataka inayokubali kila kitu, mimi siijui inakopatikana."

Akaondoka zake na matope miguuni.

Yonazi akangoja kiangazi. Ardhi ya chini ilipokauka na kupasuka nyufa, alimwaga ndoo mbili za maji, yakazama papo hapo, akapiga makofi kama mtu aliyeshinda kesi. Akampata fundi mwingine, ambaye alisimama ukingoni mwa shimo akachungulia, hakushuka, akasema panafaa. Mabomba yakalazwa. Kibaraza kikajengwa. Wageni wakaja wakakisifia, naye aliwaambia kwamba kuna mama mmoja alitaka kuweka maji ya choo pale pale walipoketi. Wakacheka.

Masika ya kwanza, ile tambarare ilianza kutota. Majani yalistawi kwa mistari, kufuata mabomba, na harufu ikapanda. Mama yake alimwambia maji ya kisima yamebadilika ladha. Yonazi alimjibu kwamba ni mvua tu. Baada ya siku nne Namkunda alikuwa amelazwa kwa kuharisha, na watoto wawili wa jirani walikuwa kwenye vitanda vya pembeni. Watoto walipona upesi. Yeye alikaa hospitali wiki tatu, akarudi akitembea kwa kushikwa mkono, na jambo la kwanza aliloomba ni maji ya kisima chake. Kisima kilikuwa kimeshafukiwa, na Yonazi ndiye aliyeshika koleo.

Sikilizeni alichofanya baadaye. Alikwenda kwa Nakijwa. Mngetarajia aende kuomba msamaha. Alisimama mlangoni pake akafoka, "Kwa nini hukunikataza kwa nguvu?"

Nakijwa alimtazama, akafunga mlango taratibu. Yonazi akabaki amesimama nje. Alirudi nyumbani, akachukua nyundo, akaanza kuvunja kibaraza kwa mkono wake, akilia, huku mama yake akimtazama kutoka chini.

Mimi nimechoka kueleza, wapendwa. Mtu wa namna hiyo aambiwe kwa lugha gani? Na ninyi je, mnangoja kuambiwa na nani?