Fenesi la Kizungu

Sogeeni, na anayetafuna ameze kwanza. Alikuwepo Mwanakombo, mwanamke wa hasira za karibu, na mdogo wake Mize, aliyepotelea shambani kwa zimwi. Sharti la zimwi lile lilikuwa moja: ukilitaja tunda kwa jina lake unapita, ukilizushia jina unageuka tunda wewe.

Mwanakombo akaenda kumtafuta mdogo wake. Zimwi likamtolea tunda jekundu lenye nywele.

"Hili nini?"

"Shokishoki. Mize yuko wapi?"

Likatoa la kijani lenye miiba laini. "Na hili?"

"Stafeli. Nimekuuliza Mize yuko wapi."

La tatu lilikuwa la buluu, kubwa kama mtungi, nalo lilikuwa linatetemeka.

"Silijui," akasema Mwanakombo.

"Bahatisha tu, bibie. Mdogo wako nilimwonyesha asilolijua, akasema ni fenesi la Kizungu."

"Huyo kila kigeni kwake ni cha Kizungu. Mimi nimeshasema silijui. Wewe mwenye shamba, linaitwaje?"

Zimwi halikuwahi kuulizwa. Likafungua kinywa lizushe jina, mara kikonyo kikaanza kuliota utosini.

"Mize," likasema upesi. "Linaitwa Mize."

Hapo tunda likapasuka, Mize akatoka amelowa utomvu, macho chini.

Mwanakombo akamfuta uso kwa kanga. "Haya, fenesi la Kizungu, twende nyumbani."

Wakaenda zao, na ngano yangu nimeitua papo hapo walipopita.