Bibi Unaisa na Mpaka wa Chemchemi

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba zamani palikuwa na nchi mbili jirani, Barkuni na Sufaila. Watu wake wote walikuwa Waislamu, wakielekea kibla kimoja, na bado wakichinjana kwa ajili ya chemchemi. Mafuriko yalikuwa yameng'oa mawe ya mpaka. Tangu hapo Wabarkuni wakadai chemchemi ni yao, na Wasufaila wakadai ni yao, tena pamoja na malisho yote hadi kilimani. Ungewasikiliza ungedhani ardhi waliiumba wao!

Walipochoka kuzika vijana, wakaafikiana kuirudia desturi ya mababu. Shahidi hutawadha, hutwikwa kichwani udongo wa mahali panapogombaniwa, kisha hutembea peku. Anapokanyaga ndipo mpaka. Udongo ule ni wa kumkumbusha mzigo atakaobeba Siku ya Kiyama mwenye kudhulumu hata shibiri moja ya ardhi.

Wabarkuni wakamtoa Bibi Unaisa binti Haritha, mjane mcha Mungu aliyeaminiwa hata na Wasufaila. Utotoni alichunga mbuzi pale, na hakuna mwingine aliyekuwa hai aliyeyakumbuka mawe. Amiri wa Barkuni, Ghassani, alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Sasa angalieni kosa lao, ndugu zangu: walimchagua kwa kuwa hajawahi kusema uongo, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza ukweli wenyewe ni upi. Alipotaka kuwaambia, vigelegele vikamfunika. Ni mtu wetu, walisema, yamekwisha.

Na yeye alijua. Chemchemi ilikuwa ya Wasufaila. Kila alipowawaza wajukuu zake na viriba vyao vikavu, moyo ulimkatika, akalia kwenye sijda hadi mkeka ukalowa.

Siku ikafika. Majeshi yakasimama huku na huku, ngoma za Barkuni zikirindima. Bibi Unaisa akatwikwa udongo, akasema, "Bismillahi," akaanza kutembea. Alipoikaribia chemchemi watu wake wakapaza sauti, "Zunguka kwa mbele, mama! Ibaki kwetu!" Yeye akapita nyuma ya chemchemi, akaiacha upande wa Sufaila.

Loo! Ngoma zikanyamaza. Wasufaila wakapiga takbiri, wengine wakalia kwa furaha. Ghassani akamkimbilia, uso umemwiva kwa hasira.

"Dada, umetuua kwa kiu! Huipendi nchi yako?"

"Naipenda, mdogo wangu," akajibu, machozi yakimtiririka. "Tukikosa maji tutatayamamu kwa udongo, na Mola atatupokea. Tukiyaiba, tutatawadha kwa maji gani?"

Ghassani akampisha.

Lakini Bibi Unaisa hakuwa amemaliza. Akaendelea kutembea, akakata kuelekea kilimani, na malisho yote mapana ambayo Wasufaila waliyadai akayaweka upande wa Barkuni. Takbiri zikakatika kooni. Mpiganaji mmoja wa Sufaila akafoka, "Ameongopa bibi huyu!"

Amiri wao, Shaddadi, akamgeukia kwa ukali. "Nyamaza! Sasa hivi ulikuwa unalia ukimsifu. Amewanyima maji wajukuu zake kwa ajili ya haki, leo aje akuongopee wewe kwa ajili ya majani?" Akashuka farasi, akamtua Bibi Unaisa ule udongo kwa mikono yake mwenyewe, kisha akamwita Ghassani. "Ndugu yangu, mimi nina maji, sina pa kulishia mifugo. Wewe una malisho, huna maji. Tutaendelea kuuana, au tukae?"

Wakakaa. Hawakuinuka mpaka wameapa kwamba mbuzi wa Sufaila watalisha Barkuni na viriba vya Barkuni vitajazwa Sufaila. Ngoma zikaanza upya, safari hii za pande zote mbili, na wapiganaji wakambeba Bibi Unaisa juujuu huku akiwaomba wamshushe maana hajaswali Adhuhuri.

Enyi waumini, kila nchi ina wa kuipigia ngoma, wala hawajapata kupungua. Tumwombe Mwenyezi Mungu azijaalie nchi zetu watu wa kuziambia, "Hiki si chetu," na sisi atupe masikio ya kuwasikiliza. Amin.